Kura Mia Tatu na Kumi na Mbili

Mimi ndiye niliyeendesha pikapu,
spika mbili zimefungwa kwa kamba juu ya paa,
naye amesimama nyuma, koti begani,
Ariosto Bentancor, seneta wa Tacuarembó,
akiwasalimia hata ng'ombe wa watu.
Sauti yake! Haikuhitaji umeme.
Betri ilipokufa njia ya Paso de los Toros
alihutubia kwa koo tupu,
na wanawake waliokuwa wakifua
wakaja na povu mikononi.

Aliahidi daraja. Lilijengwa nusu;
nusu ya pili tuliijenga kila uchaguzi, kwa mdomo.

Mwaka alioanguka
alianguka kwa kura mia tatu na kumi na mbili.
Alizikariri kama mtu anayehesabu meno yaliyong'oka.
Usiku ule alikaa jikoni kwangu
na kibuyu cha chai chungu tunayoiita mate
(msicheke, ndilo jina lake),
akanyonya hata maji yalipokwisha.
Mkoromo wa mrija mtupu
ndiyo hotuba pekee aliyonipa.

Rais hakumtupa. Rais ni mtu mwenye adabu.
Alimkumbatia, akampa Helsinki.
Magazeti yakaandika: ameteuliwa.
Nereida, mkewe, alisoma, akalikunja gazeti:
"Kumbe jalala nalo lina ngazi."

Nikafuatana naye. Dereva ni dereva.
Tuliondoka Januari, nguo zikikauka kwa dakika kumi,
tukatua mahali ambapo bahari imeganda
na watu wanatembeza mbwa juu yake, bila kushangaa.
Ubalozi: vyumba vinne juu ya duka la miwani,
bendera, mhuri, na katibu, Bi Tuulikki Hakkarainen,
aliyejibu kila sentensi ndefu kwa kunyamaza.

Karamu ya kwanza alihutubia dakika arobaini.
Alipiga meza. Aliiita nchi yake mama.
Wageni waliitazama supu ikipoa.
Garini, Bi Tuulikki akasema taratibu:
"Mheshimiwa, hapa hakuna wa kukupigia kura."

Nilimwona kwenye kioo:
mtu aliyevuliwa koti barabarani.

Alianza kujifunza kimya
kama wengine wanavyojifunza lugha,
kwa makosa, akinyamaza pasipotakiwa.
Alisoma ibara za chini, zile za herufi kama sisimizi.
Akajua umbali uliopo
kati ya "tumepokea" na "tumekubali".
Akaacha kupaka nywele rangi.

Halafu Kotka, mwezi wa tatu.
Baharia kijana, Yamandú Olivera, wa Paso de los Toros,
ameanguka ndani ya tumbo la meli, amekufa.
Meli ya bendera isiyo yetu,
kampuni ya kwingine, bima ya kwingine tena,
na kila ofisi ikaonyesha ofisi nyingine kwa ncha ya kalamu.
Siku kumi na tisa.
Yeye aliyezoea kuahidi hakuahidi kitu.
Alikaa kwenye mabenchi yao, kofia magotini,
akarudi kesho yake, akakaa,
mpaka karani mmoja akaona haya, akautafuta mhuri.

Usiku alimpigia mama wa kijana.
Nilikuwa mlangoni na funguo za gari.
"Anafika Alhamisi," alisema. Hayo tu.
Kisha sauti ya yule mama, kavu, hata mimi niliisikia:
"Mimi sikukupigia kura. Si mara ile, wala kabla."
"Najua, mama."
"Ulituahidi daraja."
"Najua."
Akaendelea kuishika simu,
naye kule akaendelea kuishika,
na hakuna aliyetangulia kukata.

Shangazi yangu aliniandikia baadaye:
Alhamisi jeneza lilifika mtoni,
wakalivusha kwa chelezo, wanaume sita, maji yamejaa,
kando ya ile nusu ya daraja.

Nilimsomea barua.
Akaniomba niirudie, polepole,
pale penye maji.