Kiunzi cha Maganda

Kunguru wa Liwatoni hawanipendi:
naiwahi ndoo ya maganda ya kamba kabla yao.
Nayaosha kwa tindikali, nayachemsha kwa magadi makali
hadi uvundo ushindwe,
ubaki unga mwepesi kama uongo.

Kwenye siki unga huwa uteute.
Nautia dawa inayohisi mwanga,
naumimina katika kitundu kidogo kuliko kucha,
nawasha taa ya buluu, kama ile ya daktari wa meno,
nahesabu.

Jana, kwenye thelathini, stima ikapotea Tudor nzima.
Nusu nyumba, nusu uji.
Nikaanza upya.

Leo kimesimama: vyumba elfu,
hakuna mpangaji.
Nimepanda humo seli za ngozi ya Bi Mwanatumu
aliyemwagikiwa na mafuta ya viazi karai,
mkono ukajikunja kama gazeti la kufungia bajia.

Kila Ijumaa huuliza, "Zimeota?"
Namweleza: zikiota, zitakila kiunzi chumba baada ya chumba,
kisibaki.

Anaunusa mkono wake.
"Maganda ya kamba, mwanangu?
Na hao kunguru hawatanifuata?"