Kitabu Namba 613

Kikao kilianza saa tisa na nusu badala ya saa nane,
mvua ilipoacha kupiga mabati
na Papa Balagizi akaweza kusikika.
Tulikuwa watano kati ya saba. Akidi imetimia, niliandika.
Nje, Kadutu ilikuwa bado inashusha matope yake
na Cikuru alilaza gunia mlangoni, kama kuyaomba yapite pembeni.

Ya kwanza: ufunguo. Uko mmoja, wanaoudai ni watatu.
Ya pili: mkebe wa maziwa. Tulihesabu franka
elfu arobaini na sita na mia tano,
noti laini kama sombe,
tukazilaza chini ya kamusi zinyooke.
Kamusi hiyo haina herufi M.
Mtoto akitafuta "mama" tunamwambia aulize nyumbani.

Ya tatu: faini. Mia mbili kwa juma.
Nsimire, anayeuza makaa na kusoma kutushinda sote,
alisema faini ndiyo mwizi wetu:
mtoto akichelewa juma moja anaogopa,
akichelewa mawili anapita njia nyingine,
mwezi ukiisha kitabu kimeshakuwa cha kwao.
Balagizi, miaka thelathini na mmoja posta,
alisema barua isiyo na stempu haifiki.
Sauti zilipanda, kiti kikaanguka.
Niliandika: Wajumbe walibadilishana mawazo.

Ndipo nikaitoa ile karatasi.
Nilikuwa nimenunua karanga sokoni,
na zilipofika nusu nikauona muhuri wetu,
ule wa mpira, wenye ufa kwenye K.
Ukurasa wa 117, na 118 mgongoni.
Mwanamke amefika usiku na sanduku lake,
anabisha, anabisha tena,
na mlango ukafunguliwa na mtu ambaye

Hapo karatasi inaisha.

Nani? wakauliza. Kifungu cha tisa kiko wazi:
anayeharibu kitabu, jina lake lifutwe.
Namjua anayeuza. Hasomi, ila hajawahi
kumpunja mtu karanga hata moja.
Na mtoto wake namjua, Mwinja, kadi namba 88,
anayekaa kona ile kwa sababu haivuji.
Niliandika: Ukurasa umepatikana.
Katibu hana kura. Ana vitenzi.

Sasa ukurasa usio na kitabu unawekwa wapi?
Cikuru akasema, kwa mzaha, upewe namba.
Hakuna aliyecheka. Nikafungua daftari:
613. Mwandishi: hajulikani. Kurasa: mbili. Hali: mafuta.
Tuliutia kwenye plastiki, na kadi yake,
tukausimamisha karibu na atlasi
yenye nchi ambazo hazipo tena.

Uliazimwa mara nne kabla ya Pasaka.
Mara ya tano, na Mwinja.
Aliurudisha siku ya tisa, amechelewa siku mbili,
ameshika noti ya mia mbili inayonukia karanga.
Ndani ya plastiki kulikuwa na karatasi nyingine,
ya daftari la hesabu, miraba miraba, kwa penseli,
namba juu kabisa: 119.

hana viatu. Akamwambia, umechelewa,
lakini chakula kipo, kimefunikwa.

Kwa hiyo leo tumekaa tena.
Kanuni zetu hazisemi kitu kuhusu penseli.
Nsimire na Cikuru wanataka iingizwe, ipigwe muhuri.
Mweka hazina anasema kesho kila mtoto ataleta yake
na rafu hizi ni mbao tatu tu.
Balagizi yuko upande wake, au alikuwa;
amevua miwani, anasoma 119 kwa mara ya tatu,
karatasi karibu kabisa na pua.
Mbili kwa mbili. Umeme umekatika.
Mtu anatafuta mshumaa, mtu anasema tuahirishe.

Ninaandika gizani, mistari itakuwa imepinda.
Muhuri uko mfukoni mwangu.
Wino bado haujakauka.