Hitilafu

Miaka kumi na tisa nimekaa kituo cha chini,
mkono kwenye swichi, sikio kwenye simu nyeusi,
nikiwapandisha wachimbaji wa manganisi milimani Chiatura
na kuwashusha jioni, vumbi limewajaa hadi kwenye kope.
Gari la kebo likikwama katikati, simu hulia:
"Lamara, tunaning'inia."
Nami hujibu, "Tulieni. Nawaona."
Hata siku za ukungu, nisipoona kitu, husema nawaona.

Nani basi angedhani?

Ilianza na kikombe.
Kikombe kimoja cha kahawa, mashapo yamegandia chini,
nikasema nitakiosha kesho.
Kesho ikaja na kikombe chake.
Kufika Februari nilikuwa nakunywa maji kwa kiganja,
vyombo vyote kwenye karo vinanitazama
kama jamaa waliofika msibani wakakuta hakuna maiti.

Si huzuni. Huzuni naijua, nimemzika mume:
nililia, nikala mlo wa matanga, nikarudi kazini.
Hii haina machozi.
Hii ni kuamka saa kumi alfajiri
ukakuta umewahi, na hakuna unachokiwahi.
Ni kufunga kifungo kimoja cha koti, kisha kukaa kitandani
kupumzika uchovu wa kifungo hicho.

Jirani yangu Eteri, mlangoni: habari?
Nzuri, nasema. Neno linatoka lenyewe,
kama tikiti kwenye mashine.
Binti yangu, kutoka Poznan: mama, unakula?
Nakula, nasema; na kweli nilikuwa nakula,
mkate mkavu, wima, gizani, kama mwizi wa nyumba yangu.

Jumanne ya mwisho wa Machi, zamu imeisha,
nilipanda gari tupu. Sikuwa na safari.
Kijana wa zamu nilimwambia nakagua mlango.
Juu ya mto Kvirila waya ukaguna, tukasimama, gari na mimi.
Umeme, kama kawaida.
Chini, maji meusi ya migodi,
nikayatazama muda mrefu kuliko ipasavyo.

Simu ilikuwa ukutani, usawa wa bega langu.
Miaka yote hiyo sijaishika kutoka upande huu.
Nzito. Inanuka pumzi za watu.
"Kituo cha juu," akasema Nodar, mdomo umejaa mkate.
"Kuna hitilafu?"
Nikafungua kinywa kusema hakuna.
"Kuna."
"Ya mlango?"
"Hapana."
"Ya waya?"
"Nodar. Ni yangu."

Akaacha kutafuna. Nilimsikia akiacha.
Hakuniambia nishukuru, wala kwamba wenzangu wana shida zaidi.
Akasema, "Tulia. Nakuona."
Na ukungu ulikuwa mzito kama uji.

Sasa ni Juni. Msiniulize kama nimepona.
Kila Alhamisi Nodar hunisindikiza polikliniki
kwa daktari Ketino, ambaye saa yake ya ukutani imesimama
na ambaye haogopi mtu akinyamaza.
Kidonge cheupe, nusu, baada ya chai.
Wiki ya kwanza kilinitia kichefuchefu, nikakitukana.
Eteri nimemwambia. Alikaa, akasema,
"Hata mimi, mwaka ule wa baridi kali..."
Hakumaliza. Tukamenya viazi.

Siku nyingine kifungo bado kizito.
Siku nyingine navifunga vyote, hadi cha shingoni.

Leo nimeosha kikombe. Kimoja.
Nimekipindua dirishani kikauke.
Vingine vingali kwenye karo,
vinasubiri zamu yao.