Siku ya Kuyeyusha

Mwezi wa nne wageni wamekwenda zao,
Kiwengwa imebaki na mvua na sisi tuliopewa funguo.
Nimeyazima majokofu yote manne
na jiko likanyamaza kimya ambacho sijakisikia tangu masika yaliyopita:
kimya chenye matone.

Kwanza raba za milango.
Watu hudhani uchafu hukaa panapoonekana.
Hukaa hapa, kwenye mkunjo, mweusi kama wanja,
hautoki kwa kitambaa, hutoka kwa mswaki mkuukuu,
maji vuguvugu yenye magadi kidogo, na subira.
Kisha naufunga mlango juu ya noti ya elfu moja, naivuta.
Ikitoka kirahisi, raba imechoka,
na baridi tunailipia umeme ikatembee uwanjani.

Nyuma, kondensa.
Hapa ndipo bahari inapoingia hotelini bila kulipa.
Chumvi imeyatafuna mapezi yake membamba,
unga na manyoya ya paka vimeshikana vikawa blanketi;
na nani, jamani, hufunikwa blanketi Unguja
halafu akalaumiwa kwa kutoka jasho?
Napiga brashi juu kwenda chini, taratibu, yasipinde.

Aliyenifunza, Fundi Ussi, yuko Makunduchi,
magoti yamemgomea, huku haji tena.
Jokofu la tatu nilipoliwasha kulijaribu
likakohoa, likashika kuunguruma kwa kigugumizi.
Nikampigia. Hakuuliza hali.
"Weka simu kifuani mwake."
Nikapiga magoti majini, simu nikaibandika kwenye kompresa,
mvua juu ya bati, matone ndani ya ndoo,
na huko aliko, naapa, niliyaona macho yake yamefumbwa.
Muda ukapita wa kusoma Fatiha mara mbili.
"Mize, kompresa nzima. Feni inapiga ubavu.
Kuna kitu kimeingia. Kitoe, mwache mzee mwenzangu apumue."
Kifuniko cha soda. Kifuniko tu.

Mchana nikalifikia friza, lile refu kama jeneza
(kila mtu husema hivyo, nami nimechoka kulitetea).
Barafu yake sikuikwangua kwa kisu.
Waliokwangua kwa kisu nimewaona
wakilipa gesi kwa mishahara ya miezi miwili.
Niliweka beseni la maji ya moto ndani, nikangoja.
Ikaachia kipande kwa kipande, kwa vishindo,
na chini kabisa, chupa ya lita moja
yenye juisi ya mabungo, na plasta imebandikwa:
YA RAYA. MSIGUSE.

Raya yuko Maskati, huu mwezi wa tisa,
anafanya kazi kwenye jiko la watu ambalo, ameniandikia,
lina majokofu mawili na hakuna anayeyafungua kwa njaa.
Hakuaga. Aliacha aproni kwenye msumari
na mabungo kwenye barafu.

Kanuni iko ukutani, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
kisicho na tarehe, mwaga.
Kwa kanuni hiyo nimewamwagia wapishi masufuria ya supu,
nimemmwagia meneja keki ya kuzaliwa mwanawe,
akaninunia mpaka Idi.
Nikakaa juu ya ndoo, chupa mapajani,
mpaka baridi yake ikapenya sare.

Nikamwaga.
Manjano yakashuka kwenye mfereji niliousugua asubuhi,
harufu ikapanda, kali na tamu kwa pamoja,
kama mtu anayecheka huku amekasirika.
Nikasugua tena.

Saa kumi na moja nikayawasha yote manne.
Ishirini na sita, kipimajoto kinasema. Kumi na nane.
Naandika daftarini. Kumi na moja.
Adhana ya magharibi. Saba.
Nne.

Chupa nimeiosha.
Imesimama dirishani, mdomo chini.
Plasta sikuibandua.