Malinda ya Mpira

Mlio ulianzia kwenye kona ya kuingia Nkuhungu:
tak, tak, tak,
kama mkasi butu unaokata hewa.
Nyemo akasema, "Baba, gari linahesabu."
Nikaongeza sauti ya redio.
Mtu akiongeza redio, ujue keshasikia.

Jumapili nikalala chali uvunguni.
Ndani ya rimu ya kulia grisi imetapakaa,
imeshikana na vumbi la njia ya Kigwe
mpaka imekuwa uji wa ulezi uliosahaulika.
Na buti, ule mpira wa malinda unaovishwa kiungo cha ekseli,
umechanika palepale linapojikunja linda la pili.
Sikushangaa. Miaka ishirini na sita nashona sare za shule;
nguo huanza kufa pale inapokunjwa.
Nikapitisha kidole kwenye mpasuko.
Kila kilichoraruka mbele yangu nimekitia sindano.
Hiki hakishoneki.

Masagasi wa gereji ya Kizota alitaka laki mbili na nusu,
ekseli nzima, "mtumba safi, haujagusa lami."
Buti mbili na bendi zake, elfu ishirini na nane,
kopo la grisi nikapewa kwa kujuana.
Hesabu ya fundi cherehani ni fupi:
kola ikichakaa, hutupi shati.

Nati kwanza, kabla ya jeki, tairi likiwa bado chini.
Nyemo ndani, mguu wote kwenye breki.
Mimi nje, spana ya thelathini na bomba la futi nne,
nikaning'inia.
Nati kimya.
Nikaning'inia tena, nikaomba, nikatukana, nikaomba msamaha,
ndipo ikatoa neno moja, ka!
na kuku wa mama Mbeleje wakahama uwanja.

Tofali sikuliamini. Nikasukumia tairi la akiba chini ya bodi:
anayelala chini ya chuma asilale na imani peke yake.

Ekseli ikatoka ikidondosha mafuta ya gia
kama mtoto mwenye mafua.
Lakini upepo wa Novemba, Dodoma, haubishi hodi,
unaingia na mchanga mkononi.
Tukatundika vitambaa kwenye kamba, pande tatu,
kaki mita nane, bluu mita tano,
tukapata chumba cha upasuaji
kinachonuka mafuta ya taa.

Golori sita. Nyemo akaziosha mojamoja,
akazipanga kwenye kifuniko cha sufuria.
Ya nne ilikuwa na kovu.
Akanitazama. Nikatazama kaki.
"Itafika Januari," nikasema,
nikaona aibu, maana ndivyo ninavyowaambia wazazi
wanaoniletea suruali iliyokwisha makalioni.

Tukavisha buti jipya, tukashindilia grisi,
nyundo taratibu, kiungo kikakaa.
Bendi ndogo ilikuwa juu ya stuli, inatutazama.
Ilipaswa kutangulia.
Niliwahi kushona mkono wa shati kabla ya kutia kofi,
nikiwa na miaka kumi na saba.
Aliyenifundisha hakunipiga. Alinipa wembe.
Tukafumua.

Magharibi tukarudi kwenye ile kona.
Nikakata usukani wote kulia. Nyemo kashusha kioo,
sikio nje kama daktari.
Kimya.
Kimya.
Tak.
"Moja tu," akasema.
Mkono ukaenda kwenye redio, nikaurudisha.

Upande wa kushoto bado. Sare za Kintinku bado mia na arobaini.
Usiku, nikikata kaki, nikakuta alama ya kidole gumba,
nyeusi, mistari yote inasomeka.
Nikazungusha kiolezo, nikakizungusha tena,
mpaka doa likaangukia ndani ya mfuko.
Kuna mtoto atatembea nalo mwaka mzima,
ataweka humo karanga, na goroli zake.