Damu Huja Nyuma

Chumba kilikuwa stoo ya vitanda vibovu pale Bombo,
feni moja, inalalama.
Bi. Mwanahamisi Mhina, fundi cherehani wa Barabara ya Kumi na Mbili,
alivua ushungi taratibu, akampa mwanawe aushike,
nami nikamvisha kofia ya vitaa vyekundu,
nyaya arobaini zikining'inia
kama nyuzi alizosahau kukata.

"Ukisikia kengele, gusisha kidole na dole gumba.
Kisha acha. Kisha subiri."
"Nisubiri nini?"
"Damu."
Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
Upande wa pili haujarudi tangu Ramadhani.

Nikamweleza kwa bomba la Makorora:
unafungua koki, ndoo i tayari,
na bomba kwanza linakohoa, linavuta pumzi,
hata lile tone lililokuwa mdomoni linarudi ndani.
Halafu, moja, mbili, tatu, nne, tano,
maji yanakuja kwa fujo, zaidi ya uliyoomba,
yanakulowesha mpaka kanga,
kisha yanapungua kuliko mwanzo, kama yaliyoona haya,
ndipo yanatulia.
Kichwani nako ni vivyo hivyo.
Wazo limekwisha kupita, limefunga na mlango,
damu ndiyo kwanza inauliza: nani ameniita?

"Na hizo sekunde tano ubongo unafanyaje kazi?
Mbona mimi sishoni kabla sijaletewa uzi?"
"Unakopa, mama."
"Ahaa. Kumbe nao ni mtu wa Ngamiani."

Kengele. Kidole. Kengele. Kidole.
Mara thelathini mkono wa kulia, mara thelathini wa kushoto,
na wa kushoto ulijivuta
kama mtoto anayeamshwa kwenda chuoni.

Usiku, kwangu Mikanjuni, nikachora mstari,
nikaruka kitini: damu imetangulia kengele!
Imefika kabla ya kuitwa,
kama mgeni ajuaye siku ya pilau.
Nilikwisha kuvaa viatu nikamwamshe Daktari Shekalaghe.
Kumbe kompyuta ya kengele na kompyuta ya taa
asubuhi ile hazikusalimiana,
ya taa ilikuwa nyuma kwa sekunde kumi.
Ningeshangaa nini, katika mji
ambao ukutani ni kumi na tisa, mdomoni ni saa moja,
na hakuna anayekosa chakula cha usiku?
Nikavua viatu. Nikaongeza kumi. Nikachora upya.

Ubongo wa kushoto: tano na robo.
Ubongo wa kulia: nane.

Nilikaa na hiyo nane mpaka mbu wakanichoka.
Daktari ataandika kwa wino mwekundu, imechelewa,
na ni kweli.
Ila kofia hii hii mwezi uliopita
niliivisha kichwa kingine, upande mmoja mstari wake ukawa sakafu,
nikaongeza sekunde, nikapunguza, nikapiga pasi data yote,
sakafu.

Akaja Alhamisi, na shati la mtu kwapani.
"Ngapi?"
"Nane."
"Nane ni ndefu kiasi gani?"
Akaanza kuzihesabu mwenyewe kwa mkono ule wa kushoto,
dole gumba, cha shahada, cha kati,
akamaliza vitano, akarudi mwanzo.
Alipotaja nane
kidole cha kati kilikuwa bado kimelala.

Hakukisaidia kwa mkono wa pili.
Tukakitazama, mimi, yeye, na feni.