Mkono wa Kulia

Mashine ile ina vitufe viwili,
kimoja kushoto, kimoja kulia.
Aliyeiunda alikuwa mtu wa huruma:
mpaka uvibonyeze vyote kwa pamoja ndipo chuma kishuke,
ili mikono yote miwili iwe na shughuli
mbali na meno.

Lakini bawaba elfu nne kwa zamu
hazitoki kwa huruma.
Bwana Rifki, msimamizi wa usiku,
aliweka sarafu ya lira moja juu ya kitufe cha kulia,
akaizungushia utepe wa buluu, akaukaza,
akasema, "Haya, sasa mna mkono wa ziada."

Nasi tukashukuru. Hilo lazima niliseme.
Mimi, Nurcan, mashine ya sita,
nilishukuru.

Februari, theluji imefika hadi chini ya mlima,
saa tisa kasorobo usiku,
Kamuran wa mashine ya saba alipenyeza mkono
kuweka sawa bawaba iliyokaa upande.
Ukelele sikuusikia.
Nilisikia chuma kikishuka kama kila siku,
mshindo uleule, kwa muda uleule,
na hilo ndilo lisilonitoka masikioni:
mashine haikubadili sauti.

Vidole vitatu. Cha shahada, cha kati, cha pete.
Pete yenyewe ilikuwa kabatini;
kazini ni marufuku, kwa sababu za usalama.
Tangazo lipo ukutani, limewekewa kioo.

Garini Bwana Rifki alimfundisha:
"Sema ni mlango wa nyumbani. Sema ni upepo.
Wakiandika ajali ya kazini tutafungiwa,
na wenzako mia mbili watakula wapi?"
Kamuran, na taulo lililoacha kuwa jeupe,
alinitazama mimi.
Mimi nilitazama dirisha.

Mkono wa kulia.
Wa kulia chakula, na wa kulia tu,
kimyakimya, chini ya bendeji,
kidole kisichokuwepo kikiwasha
na huna pa kukikuna.

Asubuhi karatasi ikafika wodini,
na kalamu, na bahasha ya mishahara miwili.
Kamuran akaandika kwa kushoto.
Herufi zikatambaa hadi nje ya mstari.
Mtu wa ofisi akainama akatazama:
"Lakini hii si sahihi yako."
"Kweli," alisema Kamuran, "si sahihi."
Akairudisha karatasi, na bahasha juu yake.

Mimi ushujaa wangu ulichelewa siku tatu.
Niliporudi zamuni utepe ulikuwa umebanduliwa,
kitufe kimefutwa kwa spiriti, kinang'aa kama kipya,
na mkaguzi angekuja Jumatatu.
Ila lira ilikuwa imebingirika chini ya mashine ya sita,
na kipande cha buluu kimeing'ang'ania.
Nikaifagia. Nikaitia mfukoni mwa aproni.
Nikalala nayo. Nikaamka nayo.

Siku tatu za kazi, ndivyo sheria inavyompa mwajiri
kutoa taarifa. Hakutoa.
Siku ya tatu, saa kumi jioni, nilisimama dirishani
kwenye ofisi ya bima, nikaiweka sarafu mezani.
Karani alidhani nalipia fomu.
Akanisogezea chenji.

Kesi imeahirishwa mara nne.
Mimi nilifukuzwa; sasa nafua mashuka ya hoteli.
Kwetu pete ya uchumba huvaliwa kulia,
na siku ya ndoa huhamishiwa kushoto.
Sevgül aliihamisha mapema, palepale wodini,
akasema, "Tumeruka sherehe, basi, si kitu kingine."
Kamuran hunywa chai kwa kushoto,
bilauri ameishika ukingoni, na bado inamuunguza.

Nami nikiwasha jiko, usiku,
mkono mmoja kwenye swichi,
mwingine huondoka wenyewe,
unapapasa ukuta, unatafuta
mahali pa kubonyeza.